Kabla hamjatuita tena kuiombea nchi

Kwa maaskofu, makasisi na wachungaji wa makanisa ya Kenya, na kwa Mheshimiwa Rais, mawaziri na wabunge ambao Jumapili huja kuketi nasi kwenye viti vya mbele.

Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia kutoka Nakuru. Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 19. Kila Jumapili ibada ya pili ikiisha, mimi na wazee wawili hujifungia katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, tukaimwaga sadaka mezani na kuihesabu. Nimezizoea pesa za watu wetu hata naweza kukisia hii ni ya nani. Kuna noti ya shilingi 50 inayokunjwa mara nne hadi inakuwa ndogo kama kidonge. Hiyo hutoka kwa mzee anayeshona viatu karibu na stendi ya matatu. Kuna sarafu za shilingi 20 zilizofungwa katika karatasi ya daftari la mtoto. Watu hawa hawakuacha kutoa hata mwaka wa korona, milango ya kanisa ilipofungwa. Na wakiambiwa waombe, huomba.

Sasa mnatuita tena. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na matangazo yameanza kusomwa: tufunge, tukeshe, tuikabidhi nchi mikononi mwa Mungu, tumtumaini yeye peke yake. Nitafunga na nitakesha. Lakini kuna jambo nimelibeba moyoni tangu Juni 2024, nami nitakuwa mnafiki nikipiga magoti bila kulisema kwanza mbele yenu.

Katika kwaya yetu ya vijana kulikuwa na kijana wa sauti ya besi. Alikuwa akisoma chuo Nairobi, na wikendi akipata nauli alikuja nyumbani kuimba. Tarehe 25 Juni 2024, siku wabunge walipoupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, alikuwa barabarani na wenzake wakiupinga, bendera mabegani. Risasi ilimpata jioni. Tulimzika kijijini kwao, na kwaya ikaimba bila besi kwa sababu wale wengine wawili wa sauti hiyo hawakuweza kuimba siku hiyo.

Wiki tatu baada ya mazishi, Jumamosi ya mazoezi, mama yake alikuja kanisani na kiondo. Akatoa joho la kwaya, la zambarau lenye kola nyeupe, limefuliwa na kupigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Ndani ya kola imeshonwa namba kwa uzi mwekundu, 14, maana majoho ni mali ya kanisa na kila mwimbaji hutia sahihi lake. Akasema, "Nimerudisha mali ya kanisa." Mwenyekiti wa kwaya alilipokea kwa mikono miwili akabaki amesimama nalo, hajui alitundike au amrudishie mama. Hakuna aliyejua. Mwishowe mama mwenyewe akalichukua, akafungua kabati, akalitundika kati ya 13 na 15, akafunga kabati na kwenda zake.

Jumapili iliyofuata nilingoja jina la kijana yule litajwe katika maombi ya wafiwa, kama tunavyowataja wote. Halikutajwa. Nikamfuata kiongozi wa ibada, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba wazee wameonelea tusiingize siasa madhabahuni. Haikupita miezi mitatu, mheshimiwa mmoja akasimama kwenye madhabahu yayo hayo, akapewa kipaza sauti kwa dakika 25, akawataja wapinzani wake jina kwa jina, na hakuna mzee aliyesema hiyo ni siasa.

Hilo ndilo nililobeba.

Msidhani imani imenipungua. Nimeiombea nchi hii chini ya marais watano. Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978 nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitupanga mstari tukaomba, huku wazazi wakinong'ona nje, maana hakuna aliyejua nchi itaamkaje kesho yake. Nimeombea miaka 24 ya Moi, nikamwombea Kibaki, nikamwombea Uhuru, na sasa namwombea Rais Ruto kwa jina kila asubuhi kabla sijawasha jiko. Picha ya rais katika duka la jirani yangu imebandukwa na kubandikwa mara zote hizo, na Mungu ninayemwomba ni yule yule wa shule ya Jumapili. Zaburi ya 146 inatuonya tusiwatumainie wakuu, kwa sababu pumzi yao hutoka nao hurudi udongoni. Oktoba 2025, Raila Odinga alipozikwa Bondo, niliona watu wazima wakilia barabarani kama watoto, wakiuliza nani atawasemea sasa. Niliwahurumia kwa dhati. Siku hiyo ile zaburi niliisoma mara mbili.

Kwa hiyo mkiniambia nimtumaini Mungu wakati nchi inabadilika, mnaniambia jambo ninalolijua. Nataka tu tuelewane maana yake ni nini, kwa sababu nimeona neno hilo likitumiwa kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mama aliyepoteza mtoto akiuliza nani alifyatua risasi, anaambiwa, "Mwachie Mungu." Kijana akiuliza kodi yake imeenda wapi, anaambiwa, "Tuombe." Nchi ambayo mwaka 2023 iliufukua msitu wa Shakahola ikatoa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu inapaswa kujua kwamba maneno ya imani katika kinywa cha kiongozi yanaweza kuua. Mtu anayeambiwa afumbe macho hajafundishwa imani.

Kuna kisa katika Samweli wa Pili, sura ya 21, ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa katika maombi yoyote ya kitaifa. Ni kisa kigumu. Nchi ilikuwa na njaa miaka mitatu mfululizo, na Mungu akamwambia Daudi kwamba kuna damu ambayo haikuwahi kujibiwa, damu ya Wagibeoni waliouawa na Sauli. Daudi akawatoa watu saba wa ukoo wa Sauli, wakatundikwa mlimani mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Wawili kati yao walikuwa wana wa mwanamke aitwaye Rispa. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo. Alichukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mavuno hadi mvua iliponyesha, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama, wasiiguse miili ya watoto wake.

Mfalme akapata habari. Tazameni alichofanya. Hakutuma ujumbe wa kumwambia mama yule aache kuharibu sura ya taifa. Aliinuka akaenda akaileta mifupa ya Sauli na Yonathani, ikakusanywa na mifupa ya wale waliotundikwa, wakazikwa kwa heshima katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Na Biblia inasema baada ya hapo ndipo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi. Baada ya hapo. Miaka yote mitatu ya njaa watu walikuwa wakiomba, sina shaka. Na nchi haikusikilizwa mpaka mama mmoja alipokaa juu ya mwamba na mfalme akaaibika.

Wachungaji wangu, sisi tuna akina Rispa wengi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliokufa katika maandamano ya 2024, na zaidi ya 80 waliotekwa. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay, akafikishwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Katika maandamano ya Saba Saba ya mwaka huo, tarehe 7 Julai, kwa siku moja, tume ile ile ilihesabu zaidi ya watu 30. Kila mmoja wao alikuwa na mahali alipobatizwa au kusilimu, na watu wanaojua alipenda kuketi wapi. Mnaniita kuombea nchi, na akina mama hawa bado wamekaa juu ya mwamba wakifukuza ndege.

Najua mtaniambia kanisa halipaswi kugombana na serikali, kwamba Warumi 13 inasema mamlaka yametoka kwa Mungu. Nimeisoma. Aya ya nne inamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi yeyote, hata mimi na daftari langu la sadaka, huulizwa hesabu. Isitoshe, nilikulia katika kanisa lililoliamini hilo. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 19, nikapiga kura yangu ya kwanza kwa mlolongo. Tulipanga foleni nyuma ya picha za wagombea katika uwanja wa shule ya msingi. Foleni ya baba yangu ilizunguka mti wa mkuyu ikafika kwenye vyoo. Ile nyingine haikufika hata langoni. Afisa akatangaza foleni fupi imeshinda. Baba hakusema neno njiani mpaka nyumbani.

Kanisa ndilo lililosema. Viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikuwa wameupinga mlolongo tangu 1986, kabla haujatumika. Siku ya mwaka mpya 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba yaliyokuwa yakiziangusha serikali za chama kimoja kule Ulaya Mashariki yanatuhusu sisi pia. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini akataka vyama vingi hadharani. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alitishwa na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Akaenda, tarehe 14 Agosti 1990, akahubiri, na alipokuwa akirudi akafa katika ajali ya barabarani. Mwaka uliofuata, Desemba, kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa katika Katiba. Na vita vya kikabila vilipoanza hapa kwetu Bonde la Ufa miaka ya tisini, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alisema wazi ni nani wanaochomewa nyumba na nani wanaotazama. Baba yangu hakuwa Mkatoliki, lakini Ndingi alimwita "askofu wetu".

Wale walimtumaini Mungu. Muge hakwenda Busia kwa sababu alikuwa na walinzi.

Sisemi kanisa la zamani lilikuwa la malaika. Mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilituvua nguo. Tarehe 1 Januari watu walikimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wakiamini hakuna atakayeligusa, nalo likachomwa wao wakiwa ndani. Mwishoni mwa mwezi moto ukafika Nakuru. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema. Sisi wanawake tulibeba sufuria kubwa za kanisa, zile za harusi, tukawapikia uji asubuhi na githeri jioni. Niliwekwa sufuria moja na mwanamke wa kabila ambalo siku zile halikusalimiana na langu. Uji wa sufuria ile ni mzito, mtu mmoja hawezi kuukoroga, kwa hiyo tulishika mwiko mmoja, yeye juu, mimi chini. Hatukuulizana tulimpigia nani kura. Yeye alikuwa akiomba kwa lugha yake, mimi kwa yangu, na jasho letu likidondokea mkono mmoja. Mtu akiniuliza leo kumtumaini Mungu nchi ikipasuka kunafananaje, sina jibu bora kuliko ule mwiko.

Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Na Februari ile viongozi wa Baraza la Makanisa walifanya jambo ambalo nimeliheshimu mpaka leo: walikiri mbele ya Wakenya kwamba walikuwa wameegemea pande, kwamba ukabila uliwashinda, wakaomba msamaha. Nilikuwa nasikiliza redio jikoni. Nilizima jiko nikaketi. Kanisa lililokiri lilinipa nguvu zaidi ya kanisa lililojitetea.

Niseme na la kwangu. Mwaka 2010 viongozi wetu walituambia tuikatae rasimu ya Katiba kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu cha utoaji mimba. Mimi nilitii, nikachagua nyekundu, rangi ya kuikataa. Zaidi kidogo ya theluthi mbili ya waliopiga kura wakachagua kijani. Leo watoto wetu wakisema wana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, wanasimama juu ya Ibara ya 37 ya Katiba ile ile. Nilichodhani ni imani, nikikiangalia sasa, sehemu kubwa ilikuwa woga wa mabadiliko. Nawaomba mjichunguze hapo, maana nauona woga ule ule ukirudi ukiwa umevaa joho.

Sasa niongee kuhusu pesa, kwa kuwa ndizo ninazozijua.

Siku ile mheshimiwa aliyepewa dakika 25 alipomaliza, alitoa bahasha ya kaki na kuiweka mezani, akatangaza kiasi kwenye kipaza sauti. Kanisa likapiga makofi. Watu wa viti vya mbele walikuwa wamehamishwa mapema kupisha msafara wake, na mmoja wa waliohamishwa ni mama wa joho namba 14, ambaye ameketi benchi la pili tangu mtoto wake alipokuwa wa kunyonya. Hajarudi benchi lile. Baada ya ibada niliifungua bahasha mbele ya wazee. Ilikuwa zaidi ya sadaka yetu ya miezi minne. Niliandika katika daftari, mstari mmoja, na chini yake nikaandika zile shilingi 50 zilizokunjwa. Nilitazama mistari ile miwili kwa muda mrefu. Nilijua ni upi utakaosikilizwa kwenye kikao cha wazee, na kweli, kikao kilichofuata mtu alipopendekeza tuwafanyie ibada vijana waliokufa, tuliulizwa kama tunataka kumkasirisha rafiki wa kanisa.

Msiniambie haiwezekani kukataa. Septemba 2021 huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, wakubwa wa siasa wakiwa wamekuja, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alisema wanasiasa wakaribie kuabudu kama waumini wengine ila mimbari hawataipata. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali juu ya uongo katika uongozi. Siku chache baadaye Rais alitoa mchango katika kanisa moja la Soweto, Nairobi, shilingi 600,000 za kwaya na watoto na shilingi milioni 2 za nyumba ya padri, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Najua nyumba ya padri ilihitaji pesa. Mimi ni mweka hazina, najua uchungu wa kurudisha shilingi milioni 2 wakati paa linavuja. Siku nilipoisoma habari ile niliifungua Biblia yangu nikaandika tarehe pembeni.

Mheshimiwa Rais, kwako sasa. Nakuandikia kwa heshima, kama mama anayekuombea. Tarehe 26 Juni 2024 ulikataa kuutia sahihi mswada ule, na Julai ukavunja baraza la mawaziri. Nilimshukuru Mungu kwa yote mawili. Tarehe 28 Mei 2025, kwenye maombi ya kitaifa Safari Park, uliwaambia watoto wetu kwamba kama kuna mahali mlikosea, mnaomba radhi. Nililia, sikufichi. Nilimpigia simu mama wa kijana wetu nikamwambia, "Umesikia?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Kama kuna mahali?"

Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kumjibu. Kabla ya mwezi kuisha vijana wengine walikufa tarehe 25 Juni, siku ya kuwakumbuka wa kwanza. Agosti ukatangaza jopo la kuwafidia waathiriwa, likafika mahakamani. Fidia ni haki yao na wapewe. Ila mama yule hajawahi kuniuliza kuhusu pesa. Anataka kujua jina la aliyefyatua risasi na la aliyemwagiza, na anataka kulisikia kutoka kwa serikali, mahakamani, mchana kweupe. Daudi hakumpelekea Rispa pesa. Aliileta mifupa.

Unapokuja kanisani, Mheshimiwa, njoo. Wewe ni muumini na nyumba ya Mungu ni yako kama ilivyo yangu. Njoo bila kipaza sauti na bila bahasha. Keti uimbe, usikilize neno kutoka kwa mtu ambaye hakuogopi, upewe baraka pamoja nasi, uende. Nadhani hata moyo wako utapumzika, maana mtu anayehutubia kila Jumapili atahubiriwa lini?

Na ninyi wachungaji, kuna kitu kinachoniogopesha kuliko uchaguzi. Vijana wanaondoka. Juni ile ya 2024 walitusihi wazi kwamba tusiwape wanasiasa mimbari, nasi tukawaona watovu wa adabu. Binti yangu ana miaka 22. Alikuwa akifundisha watoto wa shule ya Jumapili nyimbo za Krismasi, akiwakatia nyota za karatasi mezani kwangu usiku kucha. Sasa Jumapili hubaki nyumbani. Sijamlazimisha. Siku moja nilimuuliza kama ameacha kumwamini Mungu, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Akasema, "Mama, mimi namwomba Mungu kila siku. Nyinyi kule kanisani mnamwamini Mungu, au mnamwogopa mkuu wa wilaya?" Cheo chenyewe hakipo tena, amekisikia tu kutoka kwa babu yake, lakini nilimwelewa. Hao vijana ndio walioomba kabla ya kutoka barabarani. Niliwaona kwenye simu yake, wamepiga magoti kwenye lami, bendera zimetandazwa. Ikiwa tunatafuta waliomtumaini Mungu katika mabadiliko ya nchi hii, tuanzie pale.

Ninachowaomba hakihitaji kamati. Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 25 Juni, katika kila kanisa, waliokufa watajwe kwa majina katika maombi ya wafiwa, na wakitajwa wasitajwe tu vijana. Watajwe na askari waliouawa au kuumizwa kazini, kwa kuwa nao wana mama zao. Familia ziitwe mbele na ziombewe kwa kuwekewa mikono, kama tunavyowafanyia wengine. Kutoka sasa hadi siku ya kura, mimbari isipewe mgombea yeyote, wa serikali wala wa upinzani, hata yule wa kabila letu, hata aliyejenga ukuta wa kanisa. Pesa zao zikija, ziandikwe na zirudishwe, na mimi niko tayari kuwa wa kwanza kusimama mbele ya washarika wangu na daftari wazi. Mkiona hayo yatawagharimu, ni kweli yatawagharimu. Paa letu la upande wa watoto linavuja, na ukarabati wake niliupangia bahasha za msimu huu wa uchaguzi. Tutaweka ndoo.

Mkifanya hivyo, tuiteni tufunge, na tutafunga hata siku 40. Tutakesha. Tutaizunguka nchi kama Yeriko, tukiimba.

Mkipenda kuja Nakuru kabla ya hapo, karibuni. Ibada ya kwanza huanza saa moja na nusu asubuhi. Joho namba 14 bado liko kabatini na hakuna mwimbaji aliyepewa. Mama yake siku hizi huketi benchi la mwisho karibu na mlango, upande wa kushoto, na pembeni yake huwa pana nafasi.

Wenu katika Kristo,

Mweka hazina, na mama wa watoto watatu
Nakuru